Kinyonga Ndani ya Nyumba: Haki Zake, na Uwongo Uliozuliwa Juu Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu aliyeumba kila kitambaacho na kila kirukacho, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Amma baad.

Darasa letu limeletewa swali na ndugu yetu mmoja wa Musanda, upande wa Mumias katika Kakamega, nchi ambayo dini yetu ilifika zamani pamoja na misafara ya watu wa pwani, na Nabongo Mumia mwenyewe akasilimu. Ndugu huyu asema kwamba mwanawe amemkamata kinyonga uani, amemtia katika kisanduku cha waya, naye amfuga kwa mapenzi. Jirani ameapa kuwa nyumba yenye kinyonga haikosi msiba, na ataka ateketezwe kwa moto. Tena yuko mtu mwingine, Mwislamu aswaliye, aliyesema kuwa kumwua kinyonga ni thawabu. Baba auliza afanye nini.

Twaanza na hilo la thawabu, maana ndilo lililovaa kanzu ya dini. Ni kweli imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha kuuawa mjusi wa nyumbani, ambaye Waarabu humwita wazagh, kwa kuwa alipuliza moto wa Nabii Ibrahim. Walakini kinyonga si wazagh. Waarabu humwita hirbaa, na wamjua kwa tabia yake ya kulielekea jua. Kuitwaa hukumu ya mnyama mmoja na kumvika mwingine, kwa sababu wote wawili wana miguu minne na mkia, ni kama kumtoza mtu deni kwa kuwa akaa jirani na mdaiwa.

Ama huo msiba, ni itikadi ya mkosi aliyoikanusha Mtume wetu. Ajal na riziki haziandikwi na mnyama wa mitini. Na moto ni adhabu aliyojiwekea Mola wa moto peke yake. Haimpasi mja kumwadhibu nao kiumbe chochote. Wala wewe msomaji wa pwani usimcheke jirani yule wa Musanda. Wako watoto wamtiao kinyonga tumbaku kinywani ili wamtazame akigeuka mweusi na kufa, na wazee wamekaa barazani wawaona. Ibn Umar aliwapita vijana waliomfunga ndege wakamfanya shabaha, nao walipomwona wakatawanyika. Naye akawaambia kwamba Mtume amemlaani afanyaye jambo kama hilo. Sisi tukipita, nani hutawanyika?

Sasa tuje kwenye kufuga kwenyewe. Katika madhehebu yetu ya Shafii kila mnyama aliye hai ni tahiri, ila mbwa na nguruwe na wazao wao. Kwa hivyo kumshika kinyonga hakumtengui mtu udhu. Kinyesi chake ndicho najisi, basi kisanduku kisiwekwe karibu na mswala. Na asili ya kufuga ni halali. Abu Umair, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, alikuwa na kindege akichezacho, na kilipokufa Mtume (S.A.W.) alikwenda akamliwaza. Mwanachuoni wetu Ibn al-Qass alitunga juzuu nzima juu ya Hadithi hiyo moja, akatoa ndani yake faida zaidi ya hamsini. Mtoto wa Musanda, basi, hana kosa kwa kumpenda kinyonga wake.

Lakini uhalali huo una sharti, nalo ni zito. Yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka hakumpiga wala hakumchoma. Alimfungia tu, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Na Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kisomwacho madarasani kwetu, amewajibisha mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa. Paka akiona njaa hulia, na mbuzi hulia, nyumba nzima ikasikia. Kinyonga halii. Hufa pole pole mbele ya macho ya watu wampendao, nao wasema ametulia.

Huyu si mnyama wa kuwekewa maji kikombeni. Aghalabu hayatambui maji yaliyotuama. Hunywa matone yaliyo juu ya majani, umande au mvua, basi amfugaye hana budi kuyanyunyizia majani kila siku. Chakula chake ni wadudu walio hai, si ugali wala mchicha. Ataka jua na kivuli, ataka matawi ya kushika, na ataka kuwa peke yake. Ukiwatia wawili pamoja, kila mmoja humtia mwenziwe hofu. Wako vinyonga wazaao watoto hai, na wako watagao, kama huyu wetu wa pwani ambaye jike lake hushuka mtini akachimba ardhi ili azike mayai. Jike kama huyo akifungwa mahali pasipo na udongo, huenda akafa na mayai tumboni.

Hapa nasema neno na wenzangu wa mimbari. Tumezoea kumwita mnafiki kinyonga. Kinyonga hageuki rangi ili kudanganya watu: akiona baridi huwa mweusi apate kuvuta joto la jua, na akighadhibika au akitaka jike hung'aa. Rangi yake yasema yaliyo ndani yake. Mnafiki ni kinyume cha hayo.

Na biashara yake je? Minhaj yasema kuuza watambaao wasio na manufaa hakusihi. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walipelekwa Hawaii kuuzwa. Wakafika wamedhoofika, wakaachiwa bustanini wapate nguvu, wakatoroka. Hata leo wazaliana huko, na wala konokono na wadudu wa visiwa vile. Nayo sheria ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa mwituni pasipo kibali cha serikali.

Kwa hivyo tumemjibu ndugu yetu hivi: mtoto asipigwe wala asitukanwe. Achukuliwe na babake, wamrejeshe kinyonga kwenye ua ule ule alikotoka, asubuhi jua likisha kupanda, kwani akiwa na baridi hawezi kwenda. Kisha mtoto akimtamani, aende na taa baada ya Isha. Kinyonga alalapo usiku hupauka, akaonekana mweupe juu ya majani, atamtazama asimguse. Na jirani yule aalikwe afuatane nao.

Wallahu aalam.