Faida Yangu Kwanza?



Kuna kanuni wengi tunaishi nayo bila kuitaja: faida yangu kwanza. Twende nayo delta ya Rufiji, kule Kibiti. Kamba wachanga hukulia kwenye mizizi ya mikoko. Mtu akifyeka kipande apande mpunga, mavuno ni yake; hasara ya kamba wanagawana wavuvi wote. Simlaumu haraka, watoto wanataka kula. Tena asipokata yeye, si atakata mwingine? Hesabu yake iko sawa kabisa. Ila wote wakiipiga hesabu hiyohiyo, kamba wanapungua, pwani inabaki bila ngao, na kila mmoja anapata kidogo kuliko kama wote wangejizuia.

Mwanafalsafa Derek Parfit aliandika mwaka 1984 kwamba kanuni ya namna hii inaweza kujifuta yenyewe: ukiitii kweli, inakuambia uache kuiamini.

Sawa, basi niwe mwema kwa sababu wema unalipa? Hapo ndipo penye mtego. Mwema wa aina hiyo bado anapiga hesabu. Siku wema usipolipa, na hakuna anayemwona, atarudi na shoka.

Soma Mathayo 16:25. Yesu anaahidi kwamba anayeipoteza nafsi yake ataipata, lakini anaipoteza kwa ajili ya Yesu, siyo kwa ajili ya kurudishiwa. Upendo hauigizwi.

Wiki hii tenda jema moja ambalo hakuna atakayelijua. Halafu usilihesabu.

Tuombeane.