Nguo ya Kuazima Haisitiri

Anayevuka daraja kutoka Cyangugu kwenda Bukavu huuona Mto Rusizi ukitoka Ziwa Kivu kwa kasi, ukishika njia ya Bugarama hadi Ziwa Tanganyika. Ni rahisi kudhani mto huu umekuwapo tangu milima hii iumbwe. Sivyo. Miaka 21,000 iliyopita, barafu ilipofunika Kanada na nchi za Skandinavia, Ziwa Kivu halikuwa na maji ya kufika ukingo huu wa kusini. Uso wake ulikuwa takriban mita 300 chini ya ulipo leo. Lilikuja kujaa na kufurika kuelekea Tanganyika yapata miaka 10,000 iliyopita, wakati sehemu kubwa ya barafu ya kaskazini ilikuwa imekwisha kuyeyuka.

Kwa miaka mingi mabingwa wa jiolojia wa Afrika Mashariki waliamini kinyume cha hayo. Kisa chao kinafaa kusimuliwa kwa vijana wetu, maana hawakuwa wajinga wala wavivu, na hata hivyo walipotea.

E. J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya jiolojia ya Uganda, alichunguza tabaka za kokoto na udongo kandokando ya mito na maziwa. Louis Leakey aliona nchini Kenya alama za fuo za kale, juu sana ya maji ya Nakuru na Naivasha. Erik Nilsson kutoka Sweden alizilinganisha fuo hizo na kuta za mawe zilizosukumwa na barafu ya milimani. Kuta za namna hiyo zipo Mlima Kenya na Kilimanjaro, na huko Rwenzori zinashuka hadi kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo leo ni msitu mtupu.

Hoja yao ilikwenda hivi. Barafu ya mlimani hutokana na theluji, na theluji ni mvua iliyoganda. Kwa hiyo barafu ilipokuwa kubwa, mvua nayo ilikuwa nyingi na maziwa yalijaa. Huko Ulaya, Albrecht Penck na Eduard Brückner walikuwa wamekwisha kuhesabu enzi nne za barafu katika milima ya Alps. Basi nasi tukapewa vipindi vinne vya mvua kubwa, kila kimoja na jina la hapa kwetu: Kagera, mto unaokusanya maji ya sehemu kubwa ya Rwanda, Kamasia, Kanjera, na Gamble, pango lililo karibu na Elmenteita. Mwaka 1947, wanazuoni wa historia ya kale walipokutana Nairobi kutoka pande zote za Afrika, mpango huo ulikubaliwa.

Hatari iliingia hapo. Majina ya nyumbani yaliifanya nadharia ionekane ni ya nyumbani, kumbe kipimo kilikuwa cha Alps. Zana za mawe na mifupa ya watu wa kale vikaanza kupewa umri kwa kufuata vipindi hivyo. Mtu akitaka umri wa ziwa, alitazama barafu ya Ulaya. Akitaka uthibitisho kwamba Ulaya na Afrika zilikwenda pamoja, alitazama lile lile ziwa. Ushahidi ukawa unazunguka, wala hapakuwa na shahidi wa tatu wa kuukata mzunguko huo.

Mashaka yalijitokeza mwishoni mwa miaka ya 1950. Mjiolojia wa Marekani, Richard Foster Flint, alionyesha kwamba katika Bonde la Ufa ardhi yenyewe hupanda, hushuka na kupasuka, hivyo tabaka lililo juu si lazima liwe limeachwa na mvua. Kisha shahidi wa tatu akapatikana: kipimo cha kaboni, kilichobuniwa na Willard Libby, kinachosoma umri kutoka katika mabaki ya viumbe wenyewe. Mwaka 1962 Daniel Livingstone alitangaza umri wa matope ya chini kabisa ya Ziwa Mahoma, Rwenzori. Kwa hesabu ya kaboni yalikuwa na miaka ipatayo 14,700, ikimaanisha kwamba kabla ya hapo barafu ilikuwa imekwisha kuondoka mahali hapo. Mwaka 1972 Karl Butzer na wenzake walichapisha umri wa fuo za kale za Afrika Mashariki. Fuo za Nakuru zilikuwa za kweli. Kosa lilikuwa katika tarehe. Maji yalifika juu kati ya miaka 10,000 na 8,000 iliyopita, barafu ikiwa imekwisha kurudi nyuma.

Karibu wakati huo huo, Egon Degens na Robert Hecky walichunguza sakafu na matope ya Ziwa Kivu, nalo likatoa ushahidi ule ule. Mwaka 1990 Raymonde Bonnefille na wenzake wakaongeza wa Kashiru, nchini Burundi, ambako chavua iliyohifadhiwa katika udongo wa kinamasi inaonyesha kwamba wakati wa baridi kali kulikuwa na nyuzi joto takriban 4 chini ya leo, na mvua pungufu kwa kama theluthi moja.

Sababu nayo ikaeleweka. Barafu ya Rwenzori ilishuka kwa sababu ya baridi, si kwa wingi wa mvua. Bahari iliyopoa hutoa mvuke mchache, na pepo zinazotuletea mvua hudhoofika. Dunia ilipopata joto na jua la kiangazi cha kaskazini lilipozidi nguvu, pepo zile zilirudi, maziwa yakajaa, na Kivu likafurika. Ukuta wa mawe uliodhaniwa kushuhudia mvua ulikuwa unashuhudia baridi.

Funzo ni hili: usilazimishe ardhi yako ifuate kalenda ya nchi nyingine kabla hujaiuliza yenyewe. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na nadharia ya kuazima ni hivyo hivyo. Kuazima wazo si dhambi, maana hata kipimo cha kaboni kilitoka ng'ambo. Kosa ni kulipokea wazo likiwa jibu, badala ya swali la kupeleka ziwani na kinamasini.

Jambo hili halijapitwa na wakati. Rwanda, Kongo na Burundi zinapata umeme kutokana na maji ya Rusizi, na kila anayepanga kituo kipya anakadiria mvua ya kesho. Kadirio lililochukuliwa kutoka bara lingine bila kupimwa hapa linaweza kuziumiza nchi tatu kwa mara moja. Kumbukumbu ya kulipimia tunayo: iko chini ya Kivu, na iko Nyungwe katika kinamasi cha Kamiranzovu, ambacho matope yake yamehifadhi chavua ya makumi ya maelfu ya miaka. Kinamasi kikikaushwa au kuchomwa, ushahidi huo haurudi. Basi tukilinde, na watoto wa Rusizi wafundishwe kukisoma.