Adabu ya Kushindwa

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii hutajwa mno, na aghalabu anayeitaja huwa ndiye aliyeshinda. Timu imefungwa, mgombea ameanguka, malenga ameishiwa na vina, naye mshindi humpa mwenziwe methali kama ampaye pole. Kwa kutumiwa hivyo imepungua uzito. Ikirudishwa mizanini itaonekana kuwa haikusudii kumliwaza mtu. Yadai kwamba kukubali kushindwa si hisani ifanywayo baada ya mchezo kwisha, bali ni sharti la kuingia mchezoni. Asiye tayari kushindwa hakupata kuwa mshindani hata siku moja. Alikuwa katika shughuli nyingine, na shughuli hiyo ina jina lake na ina madhara yake.

Yafaa basi iulizwe: kuna wema gani katika kukubali kushindwa? Je, hii ni fadhila ya kweli, au ni unyonge uliovishwa joho la adabu? Watu wa pwani wamekuwa na majibu yao, katika beni, katika taarabu na katika malumbano ya ushairi. Lakini lipo jibu jingine huko bara, katika nchi ya Wasukuma, ambalo halijulikani sana visiwani, nalo lastahili kusikilizwa.

Mkoa wa Simiyu uko upande wa kusini-mashariki ya Ziwa Viktoria. Uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Mkoa wa Shinyanga, na makao makuu yake ni mji wa Bariadi. Wilaya zake ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, na maisha ya wakulima wake hufuata mvua. Mvua zikikatika na mavuno yakishaingia ghalani, kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti, jembe hupumzika na ngoma huamka. Huu ndio msimu wa mashindano ya Wagika na Wagalu.

Wagika na Wagalu, au kwa Kisukuma Bagika na Bagalu, ni vyama viwili vikubwa vya ngoma ambavyo kwa muda mrefu vimeigawa nchi nzima ya Wasukuma. Hayo si makabila mawili wala si dini mbili. Mgika na Mgalu wasema lugha moja na huweza kulima mashamba yanayopakana. Mapokeo yasimulia kwamba katika karne ya 19 walikuwako waganga wawili, Ngika na Gumha, ambao pia walikuwa mabingwa wa ngoma. Walibishana nani kati yao mwenye dawa yenye nguvu zaidi, na ubishi huo ukapelekwa uwanjani. Wafuasi wa Ngika wakawa Wagika, na wafuasi wa Gumha wakawa Wagalu. Waanzilishi walikufa zamani. Ubishi wao umebaki, na kila msimu huanza upya.

Namna ya kuutatua ubishi huo ndiyo inayogusa swali la makala haya. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, yakiwa yametengana kwa hatua chache tu. Hapana jopo la waamuzi wala karatasi ya alama. Watazamaji wako huru kwenda upande wautakao, na kuuhama watakapo. Kundi lililovuta watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo wachezaji hutumia kila hila ya sanaa: hurusha majembe juu na kuyadaka, hucheza na chatu walio hai, huleta vinyago vya mbao vya wanyama na watu, na manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hutunga nyimbo mpya za kumsuta mpinzani aliye pale pale akisikia.

Na atazamwe sasa yule anayeshindwa. Katika kandanda timu huweza kucheza vizuri mbele ya mashabiki wake hadi filimbi ya mwisho, ndipo ijue kuwa imetoka. Katika ngoma hii kushindwa huja kwa miguu, mchana kweupe. Manju huwaona watu wa mbele wakigeuza shingo, kisha mabega, kisha huondoka. Mduara uliokuwa mnene hupata mianya, na vumbi huonekana palipokuwa na watu. Naye hana ruhusa ya kunyamaza, kwa kuwa akinyamaza mashindano yamekufa, na pia kwa kuwa walioondoka waweza kurudi. Itampasa kuimba kwa sauti ile ile mbele ya watu ishirini kama alivyoimba mbele ya mia tano. Hapo ndipo adabu ya kushindwa inapopata maana yake ya kwanza: si kuinamisha kichwa, bali ni kuendelea kuifanya kazi vizuri ilhali jamii yaonyesha waziwazi kwamba imependa ya mwingine.

Mpenzi wa mashairi atauliza: umati una haki gani ya kuhukumu? Wengi hukimbilia chatu na kumwacha manju mwenye wimbo uliosanifiwa. Malalamiko haya ni ya kale. Plato wa Ugiriki, katika kitabu chake kiitwacho Sheria, aliwalaumu watazamaji wa michezo ya kuigiza waliojitwalia mamlaka ya kuamua lililo bora kwa kelele zao, na akaona kwamba ufisadi wa dola ulianzia hapo. Hofu hiyo ina msingi, wala desturi ya Wasukuma haiikanushi. Desturi haisemi kuwa palipo na watu wengi ndipo palipo na sanaa bora. Yasema neno dogo zaidi: leo, hapa, watu wamekwenda kule. Hukumu ya namna hii yaweza kuwa na makosa, lakini haina siri. Aliyeshindwa na aliyeshinda wameona kitu kimoja kwa macho yao, na msimu ujao uwanja utafunguliwa tena kwa wote wawili.

Wapwani hawawezi kuliona jambo hili kuwa geni. Beni za miji ya pwani, Marini na Arinoti, ziligawa mitaa miwili miwili kwa miaka mingi, na hakuna chama kilichoweza kupiga gwaride la maana bila ya chama cha pili kulipita siku ya pili yake. Unguja nayo ilikuwa na vyama vya taarabu vya akina mama, kila kimoja kikimtungia mwenzake mafumbo. Lakini mfano ulio wazi zaidi ni wa ushairi wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walipigana kwa beti kama miji yao ilivyopigana kwa silaha. Tungo za pande zote mbili zimehifadhiwa, kwa kuwa hakuna jibu linaloeleweka bila ya swali lake. Na katika malumbano, ajibuye hufuata bahari na mara nyingi hata vina vya yule amjibuye. Ili amshinde mwenziwe, humlazimu kwanza apite katika mlango alioufungua mwenziwe. Huo ni ukiri wa heshima, hata kama maneno yenyewe ni ya matusi.

Ukiri huu umepata sura nyingine mbali kabisa na hapa. Bujora, katika Kisesa iliyo karibu na mji wa Mwanza, yapo makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Padri huyo hakuzikimbia ngoma. Alizikaribisha, na sikukuu ya Bulabo ikawa uwanja wa Wagika na Wagalu hadi leo. Nchi aliyotoka ina mchezo wake mashuhuri, mpira wa magongo uchezwao juu ya barafu. Katika mchujo wa ligi zake, kubwa na ndogo, timu mbili hukutana tena na tena, aghalabu mpaka moja ishinde michezo minne kati ya saba. Ni mchezo wa vikumbo, na ngumi si haba. Lakini mfululizo ukishamalizika, wachezaji hujipanga mistari miwili na kila mmoja humpa mkono kila mtu wa upande wa pili. Mkono huo hautolewi mchezo wa kwanza wala wa tatu. Husubiri mpaka upande mmoja usiwe na kesho tena katika msimu ule. Ndipo aliyetolewa humpa mkono aliyemtoa, na kwa tendo hilo husema kwamba walikuwa wakifanya kazi moja.

Yote haya yangekuwa mambo ya burudani tu kama kukataa kushindwa kusingekuwa na gharama. Gharama hiyo yajulikana sana katika nchi hiyo hiyo ya Wasukuma. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Simiyu, kwa miaka mingi, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Mtoto amekufa, ng'ombe wamekufa, biashara imeanguka, na jamaa hutafuta nani aliyesababisha. Mara nyingi kidole kimeelekezwa kwa bibi mwenye macho mekundu, ilhali macho hayo yamepikwa na moshi wa jikoni, pengine wa kinyesi cha ng'ombe kilichowashwa mahali ambapo kuni ni adimu. Bibi huyo hakushindana na mtu. Ameuawa na watu waliopatwa na hasara isiyo na sura, wakaamua kuipa sura yake.

Hapa msomaji makini atakumbusha kwamba mashindano yenyewe yamejaa dawa. Ni kweli. Wagika na Wagalu wanazo dawa za kuvutia watu, ziitwazo samba, na ubingwa wa Ngika na Gumha ulikuwa wa uganga kabla ya kuwa wa ngoma. Wala pwani isijitoe. Kila mpenzi wa kandanda aelewa maana ya kamati ya ufundi, na mwaka 2003 Simba na Yanga zote mbili zilitozwa faini kwa vitendo vya ushirikina uwanjani. Ila ipo tofauti kubwa. Samba ya uwanjani inajulikana kuwapo, iko pande zote mbili, na lengo lake ni kuvuta watu, si kuwaua. Aliyeshindwa huweza kusema kuwa dawa ya mwenziwe ilikuwa kali zaidi, na akisema hivyo amekwisha kukiri kwamba yeye naye alikuwa na yake. Lawama yake ina mtu mzima wa kuielekea, mwenye kundi, mwenye ngoma, awezaye kujibu msimu ujao. Mashindano huifundisha jamii kwamba kushindwa huweza kuonekana, kuelezwa na kuvumiliwa bila ya mtu yeyote kufa. Mwenye kumvamia kikongwe usiku ameyakimbia mafunzo hayo. Hiyo ndiyo shughuli nyingine iliyotajwa hapo mwanzo: ni kutafuta wa kulipizwa, na jina lake ni dhuluma.

Lakini fadhila hii nayo ina mpaka, na asiyeuona atawadhulumu watu kwa jina la adabu. Mkulima wa pamba wa Itilima au Maswa hulima, hupalilia, hupulizia dawa na huchuma, kisha hupewa bei ambayo chimbuko lake ni soko la dunia. Bei ikianguka, hawezi kuambiwa kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani, kwa sababu hakuwamo katika mashindano yoyote. Hakumwona aliyeshindana naye, wala hakuwa na uwezo wa kuuhamisha umati kwa juhudi yake. Kukubali kushindwa ni wajibu pale tu ambapo uwanja ni mmoja, hukumu ni ya wazi na msimu ujao upo. Pasipokuwa na hayo, kinachoitwa kushindwa kwaweza kuwa ni kuonewa, na anayeonewa ana haki ya kupaza sauti. Wenye nguvu hupenda kuyachanganya mawili haya, wakiwahubiria waliodhulumiwa uungwana wa wanamichezo.

Limebaki deni la mshindi, ambalo methali haikulitaja waziwazi. Kundi lililojaza watu halikuwaumba watu wale. Wengi walikuja uwanjani kwa sababu walisikia kuwa kuna wawili. Kama Wagika wangecheza peke yao wangepata watazamaji, lakini wasingepata ushindi, maana hakuna miguu iliyolazimika kuchagua. Basi kila mshindi amekopeshwa ushindi wake na yule aliyekubali kusimama mahali ambapo angeweza kuachwa. Deni hili halilipwi kwa pole, na kwa hakika halilipwi kwa kumtupia methali. Hulipwa kwa kuuacha uwanja wazi: mshindi asibadili sheria, asimzuie mwenziwe kurudi, na msimu ujao asimame naye tena pale pale panapoonekana na wote.

Kwa hiyo kukubali kushindwa si unyonge. Mnyonge hakubali wala hakatai, hana analoulizwa. Anayekubali ni yule aliyejiweka kwa hiari yake mbele ya watu, akijua kwamba wana miguu. Jua linapotua Bariadi na ngoma zikafungwa, manju aliyebaki na watu wachache hurudi kijijini kwake na nyimbo zilizokosa wasikilizaji. Ana miezi mingi ya kulima mbele yake, na wakati wa kulima ndio wakati wa kutunga.