Raha ya sikio ni deni

Je, raha ni kupoteza wakati? Mwanafunzi wa muziki anaulizwa hivyo kila siku: «Unasoma nini, kuimba tu?» Katika jamaa zetu masomo ni jasho, raha inangoja siku ya mungu. Mimi pia niliamini hivyo. Nilipokuwa nasoma solfeji mu Lubumbashi, niliona aibu kufurahia wimbo kabla ya kuuandika kwa noti.

Jioni moja nilikuwa kwa baba mukubwa, mu Katuba. Mama mukubwa anasonga bukari, sombe inanukia juu ya mbabula. Redio ikapiga «Masanga» ya Jean-Bosco Mwenda, wimbo uliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, leo Likasi. Nilikuwa sijausikia hata mara moja. Nikadhani magitare ni mbili. Baba mukubwa akacheka: «Ni muntu moja, na vidole mbili tu.» Kweli: kidole gumba kinashika sauti za chini, kile cha kuonyeshea kinatembea juu.

Nikatafuta kalamu. Mzee akanikataza: «Ngoja kwanza! Weye unajua kuhesabia muziki, lakini haujue kuisikiliza.» Basi nikasikiliza, mikono mitupu, mpaka mwisho.

Je, elimu ni adui wa raha? Hapana. Kesho yake nilijaribu na gitare yangu, kidole gumba kikapotea njia. Hapo ndipo nilielewa ukubwa wa kazi ile. Raha ilinifungulia mlango, masomo yakanipa kiti ndani ya nyumba.

Lakini kuna jambo linaloniuma. Muziki ule ulikuwa mpya kwangu mimi tu. Baba mukubwa aliupiga katika ujana wake, akaacha kwa sababu watu walisema gitare ni ya walevi. Leo vidole vyake havikunjiki tena. Nilimwomba anionyeshe, alinyosha mkono, akaurudisha. Sehemu ya ujuzi wake imekwisha kupotea, na mimi nilikuwa nakula kwake tangu utoto bila kumuuliza neno.

Ndiyo maana nasema raha ni deni. Kitu tusichokifurahia, hatutakitunza. Na tukikifurahia, tunapaswa kukiuliza kwa wenyewe. Msomaji, leo jioni, mbele ya bukari, uliza mzee wako: «Baba, zamani ulikuwa unapiga nini?» Uliza wakati vidole vingali vinakunjika.