NYUMBA INAVUJA, BUSTANI IMEKUFA!



Masika ya mwaka 2024 hapa Maramba, mvua ya upepo iling'oa bati zangu mbili na kubomoa ukuta wa udongo. Hela yote ikaishia kwa fundi: bati, misumari, mbao. Nikasema, bustani itasubiri. Wapi! Magugu hayamsubiri mtu. Mwezi haujaisha, mke wangu anakwenda sokoni kununua mchicha kwa hela ya kukopa. Na mchicha ukiupanda leo, wiki tatu au nne tu unachuma!

Soma Mithali 24:30-34. Mwenye hekima alipita shamba la mvivu, akakuta miiba imejaa na ukuta nao umeanguka. Vyote viwili!

Je, wewe? Unahangaika na viatu, nguo, nywele. Unakarabati nje. Huko moyoni nani anapalilia? Usiseme, "Mambo yakinyooka ndo nitaokoka." Mimi nilianza na tuta moja, nyumba bado inavuja, na tukala mboga. Anza leo hivyohivyo ulivyo! Yesu hangoji upake rangi kwanza. Mwambie sasa: "Bwana, ingia, palilia moyo wangu." Amina.