Mjomba Hakutoka

Kiswahili chetu cha siku hizi kina kitenzi kimoja kinachofanya kazi ya hakimu: kutoka. "Jamaa ametoka." Husemi ametoka wapi wala anakwenda wapi, lakini kila mtu ameelewa. Ana gari, amejenga, mama yake haungaungi tena. Ukisema "hakutoka", hiyo nayo ni hukumu, na haina rufaa.

Mimi ni mtu wa Lipangalala, Ifakara, na kwetu neno hili lilikuwa na maana ya miguu kabla ya kuwa na maana ya fedha. Tumekaa bondeni. Upande mmoja milima ya Udzungwa, upande mwingine mto Kilombero, na masika maji hufika hata pale ulipodhani ni nchi kavu. Ulitoka kwa treni ya TAZARA, au kwa basi la Kidatu hadi Mikumi. Ungeweza pia kuvuka na pantoni kwenda Mahenge, ingawa huko hatukukuita kutoka. Kila aliyefanikiwa alikuwa kwanza ameondoka. Hatukuwa na mfano wa mtu aliyetoka huku amebaki.

Mjomba wangu alibaki. Alicheza mpira miaka 16, namba sita na wakati mwingine namba nane. Alianza na chandimu kwenye mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, ukianguka mabua yanakuchoma mapaja. Akapanda ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, daraja la pili. Msimu mmoja alichukuliwa na timu ya daraja la kwanza ya mkoa mwingine, ngazi moja tu chini ya Ligi Kuu. Msimu ule ulikwisha akarudi nyumbani na begi lilelile. Baada ya hapo ni ligi ya wilaya tena, na ndondo, na mechi za kugombea mbuzi, hadi goti la kulia lilipokataa.

Malipo yake yote ya miaka hiyo ningeweza kuyahesabu hapa bila kukuchosha: posho za kambi, nauli, sabuni, jezi mbili alizoruhusiwa kubaki nazo, na gunia la mpunga alilopewa na mfanyabiashara mmoja siku walipowafunga majirani. Jina lake lilitajwa redioni mara moja. Walikosea.

Sasa, alichezaje? Hapa lazima nikae kidogo, maana watu huzungumzia maisha ya mchezaji kama orodha ya timu tu. Hakuwa na mbio. Hakupiga chenga. Nilipokuwa mtoto alinichosha kumtazama, nikawa nawafuata mawinga. Jambo alilokuwa nalo ni shingo. Kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshageuka kutazama nyuma yake, kushoto, kulia, kama mtu anayevuka barabara. Mpira ukifika, alishajua unakokwenda. Aligusa mara mbili, ukaondoka. Mashabiki walimfananisha na pantoni la mto wetu: halina haraka, halina urembo, lakini hakuna anayefika ng'ambo bila kulipitia. Ilisemwa kwa utani na nadhani ilisemwa kwa heshima pia. (Daraja lilipofunguliwa mwaka 2018, pantoni likakosa kazi. Mjomba alicheka mwenyewe, akasema sasa ni wawili.)

Na angalia jina la nafasi aliyocheza. Kiungo. Ni neno lilelile la goti na kiwiko, na lilelile la kile unachotia kwenye pilau. Kiungo kizima hukihisi. Unakihisi kikiuma, au kikikosekana.

Miezi michache iliyopita alinipigia simu. Mwanawe wa mwisho, ana miaka 15, amefanya majaribio kwenye kituo cha soka Dar es Salaam na wamemtaka. Ada wanayodai familia haiwezi peke yake. Nilidhani ananiomba mchango, na kweli alikuwa anaomba, lakini kabla ya kufika kwenye hesabu akasimama. Mtandao ulikuwa unakatika katika. Akasema, "Mjomba, wewe umesoma. Hebu niambie kwanza. Mimi nilipoteza muda?"

Ukiwa msomaji wa blogu hii huenda unamkumbuka Kazimoto wa *Kichwamaji*, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1974. Msomi wa chuo kikuu anayetafuna swali la maana ya maisha hadi swali linamtafuna yeye. Niliposoma kitabu kile niliamini, kijinga kabisa, kwamba swali la namna hii ni ugonjwa wa waliosoma. Kumbe linaweza kukufikia kwa simu ya kitochi kutoka Lipangalala, na mwulizaji akawa na sababu nzito kuliko ya Kazimoto. Mjomba hakuuliza ili ajue. Aliuliza ili aamue. Kama miaka ile ilikuwa hasara, basi kumpeleka mtoto ni kumtia kwenye hasara ileile kwa makusudi.

Jibu la kwanza lililonijia ni la vitabuni. Aristotle alitenganisha matendo ya aina mbili. Kuna kujenga nyumba: kazi inakamilika pale tu nyumba inaposimama, na usipoimaliza una haki ya kusema umepoteza muda. Na kuna kuona: unapoona umeshaona, hakuna kitu kilichobaki mbele ambacho bila hicho kuona kwako kunakuwa bure. Kwa hesabu hiyo, kosa letu ni kuuchukulia mpira kama ujenzi, na Ligi Kuu ndiyo paa. Mjomba hakuwa anajenga. Kila alipogeuza shingo na kuachia pasi, jambo lilikuwa limetimia palepale, uwanjani, mbele ya watu 200 na mbuzi aliyefungwa kamba. Kwa nini tumdai paa?

Nilikaribia kumwambia hivyo. Nikajizuia, kwa sababu nilikumbuka nani alishawahi kumwambia.

Ule msimu wa daraja la kwanza, ile timu ambayo siitaji, ilikaa miezi mitatu bila kuwalipa wachezaji. Walilala chumba kimoja watu saba. Walipokwenda kuuliza, kiongozi mmoja aliwakalisha chini, akawaambia kwa sauti ya ubaba kabisa kwamba mpira ni mapenzi, anayetaka fedha akafanye biashara. Mjomba hunisimulia kisa hiki akiiga hadi kikohozi cha yule mzee. Unaona shida? Ni Aristotle yuleyule. Mchezo una thamani ndani yake, hauhitaji tuzo kutoka nje. Fikra nzuri, imekaa kwenye kinywa cha mdaiwa.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda na hapa ndipo nilipofika. Yapo maneno ambayo ni kweli lakini si kila mtu ana haki ya kuyasema. "Nimesamehe" ni neno la aliyekosewa. Mkosaji hawezi kulisema kwa niaba yake, hata kama moyoni mwa mwenzake msamaha upo tayari. "Nilicheza kwa mapenzi" nalo ni la ukoo huo. Mjomba akilisema, ni ushuhuda. Kiongozi wa timu akilisema, ni wizi. Nami mpwa wake, niliyekaa mjini na kiti cha kuzunguka, nikilisema inakuwa nini? Sijui jina lake, ila hainipendezi.

Jibu la pili ni la mtaani, nalo husemwa kwa nia njema: bila akina mjomba hakuna akina Samatta. Mbwana Samatta ametokea Mbagala, akapita African Lyon, Simba, TP Mazembe, Genk, hadi Aston Villa, na tarehe 1 Machi 2020 akafunga kwa kichwa pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa walifungwa 2-1, lakini nani alijali. Mechi ile niliitazama na mjomba kwenye kibanda umiza, Ifakara. Goli lilipoingia kibanda kilitaka kuanguka. Mjomba alibaki amekaa, ananivuta shati. "Umemwona aliyempa aliyempa?" Watu wanaruka na kukumbatiana, yeye anatafuta pasi ya kabla ya pasi.

Nampenda sana kwa swali lile. Lakini hoja yenyewe, kwamba yeye ni msingi ambao juu yake wengine wamesimama, naiona ina ukatili uliojificha. Inamfanya kuwa samadi. Wala mfumo wenyewe haumtambui hivyo: kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada mchezaji anapohama kimataifa ndani ya mkataba, igawanywe kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Ni kwa klabu. Mtu aliyemfundisha mwanawe kugeuza shingo kwenye shamba la mpunga tangu akiwa na miaka sita hayumo kwenye hesabu.

Mwenzangu mmoja anayefuatilia soka la Uskoti (ugonjwa ulimwanza Victor Wanyama alipoifungia Celtic dhidi ya Barcelona, Novemba 2012) alinipa mfano ambao haujaniacha. Chini ya ligi ya akina Celtic kuna madaraja mengine matatu, na huko chini wengi ni wachezaji wa nusu kazi. Mchana fundi bomba au mwalimu, jioni mazoezi, Jumamosi mechi. Mwaka 2022 Arbroath, timu ya watu wa namna hiyo kwenye uwanja unaopakana na bahari, ilimaliza ya pili katika daraja la pili la nchi, ikiziacha nyuma timu ambazo wachezaji wake hawana kazi nyingine. Sitaki kuipamba Uskoti, mvua yao naijua kwa picha tu. Ninachowaonea wivu ni kwamba maisha ya nusu mpira yana jina na yana mkataba. Fundi bomba yule ni mchezaji, na hakuna anayemwuliza lini atatoka.

Sisi jina lake hatuna. Tunachosema ni "alikuwa anacheza-cheza mpira." Sikiliza kurudiarudia kule kunavyokifanya kitendo kiwe kidogo. Miaka 16 ya kuamka alfajiri, kukimbia hadi reli na kurudi, kisha kwenda shamba, na lugha yetu inaifuta kwa silabi mbili za nyongeza. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali miaka na miaka. Hakuna anayethubutu kusema alikuwa anaandika-andika.

Mtu atanikumbusha Albert Camus, maana waandishi wakigusa mpira lazima Camus apite: kipa wa vijana kule Algiers, aliyesema kwamba maadili alijifunza uwanjani. Sawa. Ila Camus aliacha akiwa na miaka 17, kwa kifua kikuu. Alipata somo la mwanzo la mpira. Hakuwahi kuwa kiungo wa miaka 34 anayejifunga goti kitambaa ili acheze mechi ambayo haitaandikwa popote. Kuna maadili ya huko ambayo kijana wa miaka 17 hawezi kuyajua, na ndiyo mjomba aliyokuwa ananiuliza.

Nilimjibu nini? Nilisema, "Mjomba, sijui kama ulipoteza muda. Najua ulidhulumiwa."

Kimya. Nikadhani mtandao.

"Hilo la kudhulumiwa nalijua," akasema. "Sikukuuliza hilo."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimelibadilisha swali gumu kwa jepesi, mbinu ya wasomi. Kudhulumiwa na kupoteza ni mambo mawili, na unaweza kudhulumiwa katika jambo lililokuwa na thamani. Nadhani hata hiyo ndiyo dhuluma yenyewe: hakuna anayeweza kukunyima malipo ya kitu kisicho na thamani. Lakini hilo nimelipata baadaye, nikiwa kwenye daladala. Wakati ule nilibaki na simu sikioni.

Juni nilikwenda nyumbani. Mpunga ulikuwa umevunwa, vijana wamechora kiwanja kwa majivu. Mjomba alisimama kwenye mstari, uzito wote kwenye mguu wa kushoto. Mwanawe alikuwa katikati, mrefu kumpita baba yake, na nilimtazama yeye tu, mawinga sikuwatazama. Mara ya kwanza alipokea mpira bila kutazama nyuma, akanyang'anywa. Mjomba hakusema kitu. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu mzee akapasua sauti, "Shingo!" Dogo akageuka, akaona nafasi kushoto ambayo mimi kutoka nje sikuwa nimeiona, akagusa mara mbili.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia nitalipa nusu ya ada sasa, na nusu nyingine nikishausoma mkataba wa kituo. Nataka kuona imeandikwaje kuhusu shule, nani mwenye haki ya kumuuza, na akiumia nani anamtibu hadi lini.

Alitembea kidogo akichechemea.

"Na goti litaandikwa?"

"Na goti."

"Waambie waandike yote mawili," akasema.