Ni Nani Atakayeulizwa?

Wako kati yetu wadhanio kuwa madhehebu yote ya Bara Hindi ni kitu kimoja. Dhana hii ni ya uvivu. Abu Raihan al-Biruni, aliyeandika kitabu chake juu ya nchi hiyo kiasi cha mwaka 1030, alijifunza Kisanskriti, akayaeleza maneno ya Wahindi kama wao wenyewe wayasemavyo. Na alipofika kwenye habari za Wabuddha alikiri kuwa hakumpata hata mmoja wao wa kumfahamisha. Leo vitabu vyao viko wazi, nasi hatuna udhuru aliokuwa nao yeye.

Basi twataka kutazama kwa insafu njia mbili: Ubuddha, na Advaita, ambayo maana yake ni kutokuwa viwili. Mwalimu wa ile ya kwanza ni Buddha, aliyefundisha katika nchi za mto Ganges kiasi cha karne ya tano kabla ya Masihi. Mwalimu mkubwa wa ile ya pili ni Shankara, mtu wa Kerala, ambaye wanazuoni wengi humweka katika karne ya nane baada ya Masihi. Wote wawili wasema kuwa mwanadamu hutaabika kwa sababu amejidhania kuwa kitu asichokuwa. Hushika "mimi" na "changu", na katika kushika huko huzaliwa tamaa, hofu na chuki. Mpaka hapo wafuatana. Kisha huachana, na kuachana kwao si kudogo.

Buddha asema: itafute nafsi hiyo katika mwili, katika hisia, katika fikira, hutaiona, kwani kila kilichomo chapita. Shankara asema: ondoa mwili, ondoa hisia, ondoa fikira, atabaki shahidi ayaonaye hayo yote. Shahidi huyo ndiye Atman, naye si mwengine ila ni Brahman, Kweli iliyo moja isiyo na wa pili. Aonaye wa pili ni kama aliyeiona kamba gizani akaidhania nyoka. Taa ikiletwa, nyoka hauawi, maana hakuwako. Wapinzani wake wa Kihindi walimwita Mbuddha aliyejificha, na ni kweli kuwa Gaudapada, mwalimu wa mwalimu wake, alitumia maneno mengi ya Kibuddha. Lakini twaona tuhuma hiyo haikumpata sawasawa. Mmoja asema nyumbani hamna mwenyewe. Mwengine asema mwenyewe yumo, ila ni yule yule katika nyumba zote.

Sasa mtu akiiba, ni nani atakayeulizwa?

Swali hili ni la zamani. Mfalme Milinda, ndiye Menander wa Wayunani, alitawala kaskazini magharibi ya Bara Hindi katika karne ya pili kabla ya Masihi. Kitabu kiitwacho kwa jina lake chasimulia kuwa alimkabili mtawa Nagasena kwa hoja hii: ikiwa hapana nafsi, basi hapana muuaji wala mwenye kushika amri. Nagasena akamwuliza juu ya gari alilolipanda. Je, gari ni magurudumu? Ni mhimili? La, ni jina tu la vitu hivyo vikikutanishwa. Jawabu zuri, lakini mwizi naye angelifurahia! Kwetu sisi kisa cha maembe ni bora zaidi, na kila mwenye shamba hapa pwani atakifahamu. Mtu aliiba maembe, akajitetea kuwa aliyoyachuma siyo yale yaliyopandwa na mwenye shamba. Ni hakimu gani atakayempokelea udhuru huo, ilhali haya yametokana na yale? Vivyo hivyo atendaye leo na atakayelipwa kesho si mmoja hasa, wala si mbali mbali; ni kama moto wa taa iwakayo tangu jioni hata alfajiri.

Shankara hakuridhika. Aletaye kumbukumbu ya jana, alisema, hujijua kuwa ndiye yeye aliyeona jana. Lau aliyeona angelikuwa mwengine, huyu wa leo angekumbuka nini? Twakiri kuwa hoja hii ina nguvu. Moto wa taa haujikumbuki.

Lakini swali lamrudia yeye kwa mlango wa nyuma. Ikiwa yote ni moja, mwizi, mwenye maembe na hakimu ni mmoja. Jawabu lake ni kuwa kweli ina daraja mbili: katika maisha ya kila siku amri na malipo yapo, na katika daraja ya juu yote hayo hutoweka. Kwa hayo ameufunga mlango wa wizi. Ila lililoko daraja ya chini laweza kuachwa kama lilivyo, hata likiwa dhulma. Shankara huyu huyu, katika sherehe yake ya Brahma Sutra, aliwakatalia Shudra kusoma Veda, akataja na hukumu ya kale ya kumtia risasi iliyoyeyushwa masikioni yule azisikilizaye. Wasimulizi wa baadaye husema kuwa huko Kashi alimwamuru Chandala, mtu aliyehesabiwa najisi, ampishe njia. Naye akamwuliza kipi kiondoke, mwili au ile nafsi iliyo moja, hata Shankara akamwinamia. Wafuasi wenyewe, basi, waliona kuwa swali hilo lilimpasa.

B. R. Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 katika watu wa namna hiyo, aliandika kuwa itikadi ya Brahman kuwamo katika kila mtu ingelifaa kuwa msingi wa usawa, akauliza mbona haikuzaa tunda hilo. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubuddha pamoja na malaki ya watu. Katika jambo hili moja twamwona Nagasena kuwa imara zaidi, kwani hakimu wake hahitaji daraja ya pili ili amkamate mwizi.

Hata hivyo insafu yataka tutaje Sri Lanka. Jamii ya watawa iitwayo Siyam Nikaya, iliyoanzishwa mwaka 1753, haikukawia kuwafungia mlango wasiokuwa wa tabaka la Goyigama, na mafundisho ya kutokuwapo nafsi yakisomwa humo humo. Waliokataliwa walivuka bahari hadi Burma kutafuta utawa, na mwaka 1803 wakaanzisha jamii yao wenyewe, Amarapura.